Mtoto akihara, mnyweshe: maji yanayopotea ndiyo yanayoua

Katika mazungumzo na familia zilizohama vita huku Kivu ya Kaskazini, kuna swali linalorudi mara kwa mara: mtoto anahara tangu jana, ni nani amempa sumu? Swali hilo linaharibu mambo mawili pamoja. Linaharibu ujirani kati ya waliohama na wenyeji waliowapokea, na linakula saa ambazo mtoto hana.

Kuhara kunaletwa na vijidudu vinavyoingia mdomoni kwa njia ya maji machafu, mikono, nzi, au chakula kilicholala bila kufunikwa. Watoto watatu wa bloku moja wakihara wiki moja, sababu itafutwe kwanza kwenye bidoni za maji na kwenye vyoo. Goma na pembezoni mwake ni mawe ya volkano. Kuchimba choo kirefu ni kazi ngumu, na watu wengi wanachota maji ziwani. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu (kolera) na kuhara damu. Hakuna aliyewawekea sumu.

Kinachomuua mtoto ni kukauka. Kila anapohara, maji na chumvi vinatoka mwilini, na mwili mdogo hauna akiba. Kwa hiyo ile desturi ya kumnyima maji «ili tumbo lipumzike» ni hatari sana. Hata kama tumbo litaendelea kuhara siku mbili tatu, mtoto anayekunywa ya kutosha kwa kawaida hupona.

Dawa hiyo ya kunywa ilionyesha nguvu yake kambini, kati ya watu kama sisi. Mwaka 1971, wakimbizi waliotoka nchi inayoitwa leo Bangladesh walipatwa na kipindupindu katika kambi moja mpakani mwa India. Serumu za kutia mshipani zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya maji, chumvi na sukari, akawapa wazazi wawanyweshe wagonjwa wao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Sukari ndiyo inayosaidia utumbo kuvuta chumvi na maji, ndiyo maana maji matupu peke yake hayatoshi.

Pakiti ya SRO kutoka kituo cha afya ndiyo bora. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Nyingi ni za lita 1. Hapa tuangalie vizuri: chupa kubwa ya Primus si lita, ni sentilita 72. Ukimimina pakiti nzima humo, chumvi inazidi, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Mwombe muuguzi akupigie alama ya lita 1 kwenye chupa yako ya plastiki. Pakiti ikikosekana, weka katika lita 1 ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Onja kwanza: yasizidi chumvi ya machozi. Baada ya saa 24 yamwage, utengeneze mengine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, halafu endelea kwa kijiko, polepole. Ziwa la mama lisikatwe hata kidogo, na anayekula aendelee na uji, ndizi, sambaza. Omba pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Wa chini ya miezi 6 apewe nusu yake.

Macho yakizama, ngozi ya tumbo ukiifinya ikarudi polepole, mtoto akilegea, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, mpeleke kituoni mara moja, huku ukimnywesha njiani. Kuhara kwa maji mengi kama maji ya mchele, hata kwa mtu mzima, ni jambo la kutoa taarifa siku hiyohiyo.

Sasa neno kwa wakuu wa bloku na machifu. Maji ya klori yana ladha yake, na uvumi wa sumu mara nyingi huanzia hapo. Basi kunyweni nyinyi kwanza, mbele ya watu. Kamati ya bomba iwe na wenyeji na waliohama pamoja, na wanawake wawemo, maana wao ndio wanaosimama kwenye foleni. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni, na watu wanawe mikono kwa sabuni au majivu.

Halafu kuna usiku. Mkubaliane mapema ni nani ana pikipiki, nani atalipa mafuta, na mzungumze na wanaolinda barabara kabla ya siku ya shida, ili mama mwenye mtoto mgonjwa asizuiwe kwenye kizuizi hadi asubuhi.