Chanjo ya kuku, maji ya bomba na tope la Mindu



Kuna kijana mmoja wa kuku wa mayai alinipigia simu alfajiri, sauti imekauka. Vifaranga alishawapa chanjo ya kideri kwenye maji, tarehe aliifuata, chanjo aliitunza kwenye baridi. Bado kideri kikafagia banda. Nilimuuliza kila kitu, mwisho kabisa ndio nikakumbuka: maji uliyotumia ni ya wapi? Ya bomba. Klorini iliua chanjo kabla kuku hawajainywa. Kosa lile nalihesabu langu, maana mimi ndiye niliyemwelekeza.

Sasa tufuate maji yenyewe. Chukua Bwawa la Mindu pale Morogoro, linalokinga Mto Ngerengere. Maji ya bwawa hubeba udongo mwembamba mno, ukiyaacha kwenye ndoo hata siku mbili bado yanafanana na chai ya maziwa. Chembe zile zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana, hazizami. Mtambo unatia shabu, ile ile bibi zetu walikoroga mtungini. Shabu inaondoa msukumano, maji yanakorogwa polepole, chembe zinashikana kuwa mabonge kama pamba, kisha yanazama kwenye matangi ya kutulizia.

Yanayobaki hupita kwenye mchanga na kokoto. Mchanga ukiziba, unaoshwa kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu. Wenye umwagiliaji wa matone hapo mmeshaelewa, ni kazi ya filta yenu.

Klorini inakuja mwishoni. Ukiitia kwenye tope inaliwa na uchafu, vijidudu vinapona. Kwenye maji maangavu inahitaji kama nusu saa kufanya kazi, na kiasi kidogo kinabakizwa makusudi kulinda maji njiani. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita yakimfikia mtumiaji. Kwako kunywa ni salama. Kwa chanjo hai, hiyo ni sumu.

Kwa hiyo siku ya chanjo tumia maji safi ya kisima au ya mvua yasiyotiwa dawa. Huna? Koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita ya maji ya bomba, subiri dakika 20, ndipo utie chanjo. Vyombo visioshwe kwa dawa siku hiyo.

Na nyie wa nyanya na mchicha mnaolima hadi ukingoni mwa bwawa, jamani! Tope lenu ndilo linaloongeza shabu mtamboni. Viuatilifu vilivyoyeyuka ni balaa zaidi, maana mchanga na klorini havikuwekwa pale kwa kazi ya kuviondoa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji. Msimu huu, kabla hujakodi shamba la bondeni, pima kwa kamba.