Kupiga chombo cha muziki: ni lazima uende chuo?

Swali hili linatufikia mara nyingi kwa ujumbe mfupi, hasa kutoka kwa wazazi. Kijana anapenda gitaa au ngoma: apelekwe chuo, au aachwe ajifurahishe tu barazani? Kwetu Bagamoyo jambo hili lina uzito, maana chuo kiko hapa hapa mjini, na ada hutoka kwenye mihogo, nazi au samaki.

Chuo chenyewe ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kilianza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, kikawa taasisi kwa jina hili la sasa mwaka 2007. Wanafunzi wanasoma ngazi ya cheti na stashahada: muziki, ngoma, maigizo na sanaa za ufundi.

Sasa mtazameni marehemu Hukwe Zawose, aliyewahi kufundisha hapo. Alikuwa Mgogo wa Dodoma. Zeze na ilimba alivipata nyumbani kwa baba yake, wala hakukaa darasani. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, baadaye akahamia Bagamoyo. Kabla ya kufariki Desemba 2003 alikuwa amezunguka nchi nyingi na kurekodi Uingereza kwa kampuni ya Peter Gabriel.

Wengi wakisikia hivyo husema: basi, chuo cha nini? Hapo sisi tunasita. Mtoto anayekua na baba mpigaji, anayemsikiliza na kusahihishwa naye, anasoma, ila hapewi cheti. Kijana wa leo mwenye simu na gitaa la kuazima hana mtu wa kumwambia kwamba kidole kimekaa vibaya. Mmoja wetu hapa studio alijifunza gitaa kwa kusikiliza kanda. Nyimbo anazozijua anazipiga vizuri sana, lakini mwimbaji akiomba wimbo ushushwe kidogo, jamaa anapotea kabisa.

Hicho ndicho chuo kinachotoa: kujua unachokifanya, kusoma noti, kupiga na watu usiowajua. Pia cheti, ambacho ukitaka kuajiriwa kufundisha muziki utaulizwa. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, chuo cha muziki cha DCMA kilifunguliwa mwaka 2002, na vijana hufundishwa humo kanuni, udi na fidla za taarabu kwa utaratibu. Na Zanzibar hiyo hiyo ndiyo ya Bi Kidude, aliyejifunza kwa masikio yake na kuimba mpaka uzeeni.

Lakini darasa nalo lina mtego wake. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, na tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Sauti za Wagogo hazikupangwa kwa vipimo vya kinanda. Ukiviweka pamoja, baadhi ya sauti zitagongana. Mwanafunzi aliyezoea kinanda peke yake atasema ilimba imeharibika. Haijaharibika, ina mpangilio wake, na masikio yasiyofunzwa nyumbani hayausikii.

Tena nyumbani si kwamba kila mtu alipewa nafasi. Katika ukoo wa Zawose wanawake walizoea kucheza na kuitikia, vyombo vikiwa mikononi mwa wanaume. Leo Pendo na Leah Zawose, mtoto na mjukuu wa mzee, wanapiga na kuongoza wenyewe, na mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuuza mbuzi, mwulize kijana anataka nini. Kama ni kupiga jioni baada ya shamba, mtafutie mzee wa karibu anayejua chombo hicho, ampelekee kuni au samaki, akae miguuni pake. Hata robo saa kila siku inamtosha kuanzia. Kama anataka kazi ya muziki, nendeni TaSUBa mkaulize wenyewe ada na sifa za kujiunga, na aende na chombo chake, asikie wenzake wanavyopiga.