Pawaga Joto, Iringa Baridi: Swali Lililonishinda Darasani

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilimnyima mwanafunzi alama mbili zilizokuwa haki yake. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Naliandika hapa kwa sababu wengi wetu tunakaribia kushika chaki tena, na najua si mimi peke yangu niliyewahi kufundisha hali ya hewa kwa kukariri.

Ilikuwa hivi. Shule niliyopangiwa ipo mkoani Iringa, nikapewa Jiografia Kidato cha Pili. Nikatunga jaribio la wiki. Swali mojawapo lilitaka sababu ya Iringa kuwa na baridi kuliko Dar es Salaam. Kwenye mwongozo wangu wa kusahihisha niliandika "umbali kutoka baharini", maana ndiyo mada tuliyokuwa tumeimaliza. Binti mmoja akaandika kwamba Iringa iko juu. Nikamwekea kosa.

Siku ya kurudisha karatasi akanyoosha mkono. Kipindi ni cha Kiingereza, lakini yeye aliuliza kwa Kiswahili nami nikamwacha.

"Samahani Mwalimu, kama ni bahari, mbona Pawaga kuna joto? Pawaga iko mbali zaidi na bahari kuliko hapa."

Darasa likacheka, halafu likanyamaza, macho yote kwangu. Nikasema tutaliangalia kipindi kijacho. Kwa kweli sikuwa na jibu.

Kwa wageni wa mkoa huu: Pawaga ni bonde la mpunga lililo kaskazini magharibi mwa Iringa mjini. Ni ndani zaidi kutoka pwani, na safari yenyewe haifiki hata kilomita mia. Unaondoka mjini asubuhi umevaa pulova, unashuka Pawaga unatafuta kivuli. Kama umbali kutoka baharini ndio unaoleta baridi, Pawaga ilipaswa kututetemesha kuliko mjini. Binti alikuwa na hoja.

Kilichonisaidia baadaye ni safari ya basi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimekwenda kwa shangazi Dar, nikarudi chuoni kwa barabara ile ile tunayoipita wote. Safari hiyo nilikaa dirishani na swali la Pawaga kichwani, nikaona kwamba barabara yenyewe ni somo tosha.

Dar: bahari haina haraka

Dar mwezi Januari mchana hufika nyuzi joto 31 au 32. Usiku hushuka hadi 25 hivi, basi. Unalala na feni, unaamka shuka limeloa.

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Ili kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja, unahitaji zaidi ya mara nne ya nishati inayohitajika kwa kilo moja ya mchanga mkavu. Tena jua hupenya ndani ya maji, na mawimbi huyachanganya, kwa hiyo joto linagawanywa kwenye kina kikubwa. Mchanga hupokea joto lote kwenye ngozi yake ya juu. Ndiyo maana saa saba mchana ufukweni mchanga unaunguza nyayo wakati maji ya hatua tano mbele ni ya uvuguvugu tu. Usiku mambo hugeuka: mchanga unapoa haraka, bahari inaendelea kutoa joto lake polepole.

Tofauti hiyo ndiyo inayoendesha upepo wa pwani. Mchana hewa ya nchi kavu hupata joto na kupanda, hewa ya baharini ikaingia kuchukua nafasi yake. Usiku nchi kavu ikishapoa, upepo hugeuka na kuelekea baharini. Wavuvi walijua ratiba hii kabla ya kitabu chochote cha jiografia: ngalawa hutoka alfajiri na upepo wa nchi kavu, na kurudi na upepo wa bahari.

Sababu ya pili ni mvuke. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na mvuke ni kama blanketi: huzuia joto la ardhi lisipotee angani usiku. Unyevu huo huo huzuia jasho lisikauke, na jasho lisilokauka halimpozi mtu.

Sasa linganisha na Dodoma mwezi Oktoba. Mchana ni nyuzi 31 hivi, sawa na Dar ya Januari. Lakini usiku hushuka hadi 18 hivi, maana anga ni kavu na joto la ardhi linatoka bila kizuizi. Mchana ni ule ule, usiku ni mwingine kabisa. Hapo ndipo bahari inapofanya kazi yake: inapunguza tofauti kati ya mchana na usiku, na kati ya msimu na msimu. Haina kazi ya kufanya mahali pawe pa moto au pa baridi tu. Mimi niliichukua nusu ya kanuni nikaifanya kanuni nzima.

Ruaha Mbuyuni: kivuli cha mvua

Basi likipita Mikumi unaingia bonde la mibuyu. Ukifika Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu dirishani, hewa inakuchoma lakini jasho hulioni. Halipo kwa sababu linakauka mara tu linapotoka. Huko ndani sana kutoka pwani kumekauka hivi, na bado si jangwa. Tanzania haina jangwa la kweli. Tuna maeneo ya nusu jangwa, na hili ni mojawapo.

Ukame wa hapo unaletwa na milima ya Udzungwa. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi. Ukigonga upande wa mashariki wa milima hiyo hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka mvua. Ndiyo maana upande wa Kilombero kuna misitu mizito na miwa. Hewa ikivuka kilele imeshamwaga mzigo wake. Ikishuka upande wa pili hugandamizwa na kupata joto, kama nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 inazoshuka. Hivyo upande huu wa pili tunapokea hewa kavu yenye moto. Wataalamu huita hali hiyo kivuli cha mvua. Bonde lote la Ruaha, kupitia Isimani, Pawaga hadi Mtera, linaishi ndani ya kivuli cha aina hiyo. Mpunga wa Pawaga hautegemei mvua ya pale. Unategemea maji ya mto kupitia mifereji.

Kitonga: ngazi ya baridi

Halafu Kitonga. Basi linaguna, konda anatulia, na baada ya kona kadhaa abiria mmoja mmoja anaanza kufunga dirisha. Hakuna aliyeangalia saa wala kalenda. Ni saa ile ile, jua lile lile, bahari haijasogea. Kilichobadilika ni mwinuko.

Hapa kuna kosa ambalo hata sisi wa chuo tunalo: tunadhani ukipanda juu unalikaribia jua, kwa hiyo ilipaswa kuwe na joto zaidi. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Kupanda kilomita moja na nusu si kitu. Tena jua halipashi hewa moto moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Linapasha ardhi kwanza, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini. Hewa hiyo ikipanda hupata nafasi ya kutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani kipimo hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kina barafu wakati Moshi chini wanatafuta soda baridi.

Sasa tufanye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya ubaoni. Pawaga iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini ni karibu mita 1,600. Tofauti ni mita 900. Zidisha 0.9 kwa 6.5: unapata karibu nyuzi 6. Ongeza ukavu wa bonde lile, na pulova yako inageuka mzigo. Binti aliandika maneno matatu tu, "Iringa iko juu", na maneno hayo yalitosha kupata alama zote mbili.

"Kiangazi" chetu na cha vitabuni

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanafunzi. Vitabu vingi vinaeleza majira manne ya nchi za mbali, na sisi tukitafsiri tunaandika kwamba kiangazi ni majira ya joto. Kwetu kiangazi ni majira ya ukavu. Mimi ni mtu wa Uyole, Mbeya. Juni na Julai ni katikati ya kiangazi kwetu, na usiku kipimo hushuka hadi nyuzi 5 au 6. Kule Kitulo umande huganda ukawa barafu juu ya majani. Mwanafunzi wa Mbeya ukimwambia kiangazi ni joto, atakuandikia kwenye mtihani kitu ambacho mwili wake unajua si kweli.

Joto letu la bara huja Oktoba na Novemba. Jua linapita utosini, na mawingu ya mvua bado hayajafika kulikinga. Mvua zikianza, joto linapungua. Dar wao hupata joto lao kubwa kati ya Januari na Machi, kwa sababu bahari hukawia kupata moto, na pepo za kaskazi huwaletea hewa yenye joto. Nchi moja, jua moja, na miezi ya joto haifanani.

Oman: kuipima kanuni

Nilitaka kuona kama maelezo haya yanasimama mahali ambapo bahari na jangwa la kweli vinapakana. Nikatazama Oman, nchi yenye watu wengi wanaozungumza Kiswahili. Huko majira ya joto ni Juni hadi Agosti. Maskati, ulio pwani, usiku wa Juni mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 30, na unyevu ni mwingi. Ukienda ndani jangwani, mchana hupita 45, lakini usiku kipimo huporomoka kwa nyuzi 15 au zaidi. Ni Dar na Dodoma zilizopashwa moto zaidi.

Lakini upepo huweza kuharibu mpangilio huo. Juni 2018 mji wa Quriyat, ulio ufukweni kabisa, ulipitisha saa 24 bila kipimo kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hewa ilitoka bara na kushuka milima ya Hajar, ikizidi kupata joto kadiri inavyoshuka, kama ile inayoshuka Udzungwa.

Na kusini mwa nchi hiyo hiyo, Salalah, miezi hiyo kuna ukungu, manyunyu na majani mabichi, kipimo kikiwa nyuzi 25 hivi, wakati jangwa la Rub al-Khali nyuma ya milima linaungua. Kinacholeta neema hiyo ni pepo za kusi. Kusi ile ile inayovuma Dar mwezi Juni ikitoka kusini mashariki, ikivuka ikweta hupindishwa na mzunguko wa dunia, ikafika Arabuni ikitokea kusini magharibi. Huko husukuma maji ya juu ya bahari, maji baridi ya chini yakapanda, na hewa inayopita juu yake ikapoa na kutoa ukungu. Majahazi yaliyokuwa yakirudi Arabuni kutoka Zanzibar yalisafiri kwa upepo huo.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa kuhusu hali ya hewa ya mahali, najiuliza mambo matatu kabla ya kufungua mdomo. Pako juu kiasi gani? Upepo wake umetoka wapi, na umepita juu ya nini? Anga lake lina unyevu kiasi gani? Umbali kutoka baharini umo ndani ya hayo maswali, lakini peke yake haukupi jibu.

Kwa mnaopangiwa Dodoma au Singida muhula ujao, kuna na faida ya mkononi: joto kavu linakuibia maji bila wewe kuona jasho. Kunywa kabla ya kiu. Na mbebe sweta, maana usiku wa bara hauna blanketi la mvuke.

Wiki ya mwisho ya mazoezi niliingia darasani, nikachora Kitonga ubaoni kama ngazi, Udzungwa kama ukuta, nikafanya hesabu ya mita 900 mbele yao. Nikawaambia mwongozo wangu ulikuwa na kasoro. Nikakusanya karatasi upya na kuwapa alama zao wote walioandika mwinuko. Walioandika umbali kutoka baharini sikuwanyang'anya. Kosa lilikuwa langu, wao walirudisha nilichowafundisha.

Yule binti alipokea karatasi yake, akahesabu alama, akauliza swali jingine: "Mwalimu, sasa Tukuyu mbona mvua haikatiki?"

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nikamwuliza kwanza yeye: Ziwa Nyasa liko upande gani wa Tukuyu, na mlima Rungwe uko upande gani? Akafikiri kidogo, akasogea ubaoni mwenyewe, akachukua chaki.