Ndege ya mbao: Injini mbili si kinga tosha katika milima ya Gusii

KUUNDA ndege ya mbao nyumbani si ndoto tupu. Hata hivyo, anayenuia kuirusha katika kaunti za Kisii na Nyamira hana budi kuelewa kwamba injini ya pili haimhakikishii usalama.

Ndege za mbao si ngeni nchini Kenya. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki (EAAC) lilipoanza safari zake jijini Nairobi mnamo Januari 1946, lilitumia ndege sita aina ya Dragon Rapide. Ndege hiyo ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1934, ilikuwa na kiunzi cha mbao kilichofunikwa kwa kitambaa, na injini mbili zenye nguvu za farasi 200 kila moja.

Lakini si kila mbao hufaa. Waundaji hupendelea mbao nyepesi zenye nyuzi zilizonyooka na zisizo na vifundo. Mkaratusi, unaopandwa kwa wingi Gusii, ni mzito mno kwa kazi hiyo. Gundi nayo ni uhai wa ndege. Mwaka wa 1944, mabawa ya baadhi ya ndege za kivita za mbao aina ya Mosquito yalivunjika angani nchini India, na wachunguzi wakapata kasoro katika uunganishaji. Katika eneo lenye mvua nyingi kama Gusii, unyevu ukipenya kwenye kiungo, mbao huoza bila kuonekana kwa nje.

Tatizo la pili ni mwinuko. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Injini hupungukiwa na nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kupaa.

Injini moja ikizimika, nusu ya nguvu hupotea, lakini uwezo wa kupanda juu hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Isitoshe, ile inayofanya kazi huivuta ndege upande mmoja. Mbele ya jabali la Manga, rubani atakosa pa kukimbilia.

Ndiyo maana kibali cha Halmashauri ya Safari za Ndege Nchini (KCAA) si usumbufu. Ukaguzi huanza kabla viungo havijafunikwa, kwani kasoro iliyofichika ndiyo huua.