Nyumba yenye watoto wadogo wengi inaomba macho ya watu wawili



Kule kazini sheria za usalama tunazijua. Mutu haingii pahali pa kazi bila kaske na bote. Kisha baruti kupasuka, hakuna anayerudi pale mbele moshi haijatoka. Mashini ikiharibika, tunaifunga kwanza, kisha ndipo tunaitengeneza. Na kama kazi ni ya watu wawili, shefu hatumi mutu mumoja peke yake.

Sasa tuangalie nyumbani. Chukua nyumba yenye watoto wane: wa kwanza ana miaka 7, wa pili ana miaka 5, wa tatu ana miaka 2 na nusu, na kitoto kingali kwenye maziwa. Katika nyumba ile kuna moto, maji ya moto, visu, petroli, ndawa, na mulango unaofungukia njia ya magari. Mulinzi ni nani? Ni mama peke yake, na kitoto mugongoni. Kazi ya watu wawili, amepewa mutu mumoja.

Ndiyo maneno ninayotaka kusema nanyi leo.

SAA ZA HATARI

Ajali za watoto hazifiki ovyo ovyo. Zina saa zake, na sisi tunaofanya kazi mu dispensere tunazijua.

Saa ya kwanza ni asubuhi. Mama anapika uji, anatafuta kaputula ya yule anayeenda kwa masomo, kitoto kinalia. Yule wa miaka 2 na nusu, hakuna anayemuona.

Saa ya pili ni muchana, baba akiwa amerudi kutoka posti ya usiku. Amechoka, anataka kulala, na ni haki yake. Basi watoto wanaambiwa: «Nyamazeni, nendeni inje!» Inje wanaenda wapi? Kwenye kisima, kwenye barabara, nyuma ya nyumba pahali chupa zinawekwa.

Saa ya tatu ni magaribi. Giza inaingia, pengine umeme umekatika, mbabula inawaka sana, mama anasonga bukari na hawezi kuacha mwiko. Watoto wana njaa, wanakuja karibu na moto sababu chakula iko pale.

Majirani wanapenda kusema: «Mama yule hachungi watoto.» Ni maneno ya haraka. Mutoto wa miaka miwili anaweza kuungua wakati mama anageuka tu kuchukua chumvi. Kulaumu mama hakuponyeshi mutoto. Kinachosaidia ni mambo mawili: kila kitu cha hatari kiwe na pahali pake, na kila saa ya hatari iwe na mulinzi wake.

MOTO NA MAJI YA MOTO

Mbabula inakaa chini, na mutoto anayejifunza kutembea anaanguka chini. Ndiyo sababu wanaungua mikono na uso. Weka mbabula yako pahali pamoja kila siku, pembeni ya ukuta, na uizungushie matofali. Fundisha watoto kwamba ndani ya matofali yale hapana kupita. Ukitaka kuogesha mutoto, tia maji ya baridi kwanza mu beseni, kisha ya moto, si kinyume. Na ukimaliza, mwaga maji mara moja. Mutoto mudogo anaweza kufa mu maji ambayo hayafiki hata kwenye goti lake, na hapigi kelele.

Mutoto akiungua, usitafute dawa ya meno, wala mafuta, wala yai, wala unga. Vitu vile vinachafua kidonda. Umwagie maji safi ya baridi pale pale, dakika 20. Toa nguo, lakini ile iliyonata kwenye ngozi uiache. Funika na kitambaa safi, kisha uende kwa dispensere. Kidonda kikipita ukubwa wa kiganja cha mutoto mwenyewe, ao kama ni uso, mikono ao sehemu za siri, usingoje kesho.

Kuna moto mwingine usioonekana. Katika miezi ya 6 na ya 7 baridi yetu ya Katanga inauma, na watu wengine wanaingiza mbabula mu chumba cha kulala, wanafunga mulango na madirisha ili watoto wapate joto. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Wenye elimu wanaiita monoksidi ya kaboni. Wewe mufanyakazi wa chini ya udongo unaijua: ndiyo moja ya hewa zile zinazotufanya tungoje kisha baruti kupasuka. Kule tuna mashini za kuleta upepo. Mu chumba chako hakuna. Hata makala yaliyo mekundu, bila moshi, yanaua. Watu wanalala na hawaamuki. Kama katika nyumba yenye moto watu wawili ao watatu wanaumwa kichwa pamoja, wanatapika, wanazunguka kizunguzungu, usiseme ni malaria kwanza. Fungua milango, toa watu wote inje, kimbia kwa muganga. Juu ya baridi, afazali watoto walale pamoja chini ya blanketi mbili, na mbabula ibaki inje.

CHUPA INAYODANGANYA

Nitawaambia jambo nililoliona. Mutoto mumoja wa miaka miwili aliletwa kwetu saa 8 ya muchana. Baba yake alikuwa analala kisha posti ya usiku. Mama yake alikuwa ananyonyesha kitoto. Petroli ya lampe ilikuwa mu chupa ya limonade, chini ya meza. Mutoto alikuwa na kiu, aliona chupa anayoijua, akakunywa. Jirani mwenye roho nzuri alikuja mbio, akamunywesha mafuta ya ngazi ili atapike. Akatapika kweli. Lakini petroli ikipanda tena kwenye koo, inaingia mu mapafu, na ni pale inapofanya mabaya yake makubwa. Mutoto yule alifika anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Alilala siku nyingi mu hospitali. Alipona, tunashukuru. Si wote wanaopona.

Basi mushike mambo haya matatu. Moja: petroli, esanzi, asidi ya bateri, soda ya kufanyia sabuni, maji ya kufulia, dawa ya panya, vyote visiwekwe hata siku moja mu chupa ya kinywaji. Mbili: viwe juu, pahali mutoto hafiki hata akipanda kiti, na pahali pale pafungwe. Ndawa za mama na za baba pia ziwe pale. Mutoto anafikiri vidonge ni bonbon. Tatu: mutoto akikunywa kitu kama hicho, usimutapikishe, usimupe mafuta wala maziwa. Mupeleke kwa hospitali mbio, na uchukue ile chupa ili muganga aone ni kitu gani.

VUMBI LA BABA

Baba anaporudi, watoto wanakimbia kumupokea. Ni furaha, hakuna mutu anaikataza. Lakini baba analeta nini kwenye nguo zake?

Mwaka wa 2018 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven katika Ubelgiji, walitangaza utafiti wao juu ya Kasulo, kartie ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya manyumba yao. Walipima mavumbi, damu na mukojo. Walikuta kobalti nyingi kwa watu wanaokaa pale kuliko kwa watu wa kartie nyingine, na watoto ndio waliokuwa na nyingi zaidi, hata wale ambao hawakugusa chepeo hata siku moja. Sababu si ngumu: mutoto anacheza chini, anatia mikono mu kinywa, na mwili wake ni mudogo.

Sisi si watu wa Kasulo wote, lakini vumbi ni vumbi, na linapanda kwenye nguo na bote mpaka nyumbani. Basi, baba, ukipata bafu kule kazini, oga kule na uache nguo zako kule. Kama hakuna, vua bote inje ya mulango, badilisha nguo, oga, kisha ndipo ubebe kitoto. Nguo za kazi zilowekwe peke yake mu beseni yake; usizikung'ute, usizichanganye na nguo za watoto. Sakafu ipanguzwe na kitambaa chenye maji, sababu fagio kavu linarusha vumbi juu, na watoto wanalivuta. Na mikono ya watoto inawiwe na sabuni mbele ya kula.

MUTOTO AKIHARISHA

Pahali watoto wane wanakula mu sahani moja, mumoja akiharisha, wengine wako njiani. Kinachoua mutoto anayeharisha mara nyingi ni maji yanayotoka mu mwili wake. Mwaka wa 1971, mu kambi la wakimbizi kule Bangaon, India, muganga Dilip Mahalanabis alikosa maji ya kutosha ya kutia mu mishipa wakati wa kolera. Akaanza kunywesha watu maji yenye chumvi na sukari, na jamaa za wagonjwa wenyewe ndio waliowanywesha na vikombe. Wengi waliokuwa wa kufa walipona. Kama wamama wa kambi la wakimbizi waliweza, na ninyi munaweza.

Pakiti za SRO ziko mu dispensere; uweke mbili nyumbani mbele ya ugonjwa kufika. Kama hazipo: litre 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae mulima. Chumvi nyingi ni hatari, basi usikadirie na mukono. Kisha kila kuharisha, mutoto mwenye chini ya miaka 2 akunywe robo ao nusu ya kikombe. Mukubwa kidogo, nusu ao kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena polepole na kijiko. Maji yaliyobaki kesho yake yamwagwe. Maziwa ya mama yasikatwe, chakula isikatwe. Omba pia vidonge vya zinki, na uvimalize hata kama kuharisha kumesimama.

Ukiona macho yameingia ndani, mutoto analia bila machozi, hawezi kunywa, analegea, ao kuna damu mu choo, usihesabu tena vikombe. Beba mutoto, uende.

SEHEMU YA BABA

Wababa wengine watasema: «Mimi ninaleta mushahara, watoto ni kazi ya mama.» Ninajibu kwa heshima: mushahara haukamati mutoto anayeanguka mu moto. Sikuombi uache kazi yako wala usingizi wako. Ninaomba saa moja tu. Ukiwa posti ya asubuhi, saa ya magaribi ni yako: keti na watoto mbali na mbabula mpaka bukari iive, kisha ufunge musikitere juu ya kitanda chao. Ukiwa posti ya usiku, mbele ya kulala patana na mama: nani atachunga wadogo muchana? Shangazi, jirani mwenye kuaminiwa, ao wamama wawili wanaopeana zamu. Yaya wa miaka 7 anaweza kusaidia, anaweza kuita mutu mukubwa. Lakini naye ni mutoto. Usimuachie kitoto na moto pamoja.

Na kuna neno moja la kusema ninyi wawili, usiku, bila haya. Mama mwenye mimba, na kitoto mugongoni, na mwingine anayetambaa, nguvu zake zinaisha, na maziwa ya yule mudogo yanapunguka. Waganga wanashauri kwamba kisha kuzaa, mimba ingine ingoje angalau miaka 2. Si kukataa watoto. Ni kuwapa wale waliozaliwa nafasi ya kukomaa. Mwende wote wawili kwa muganga wa wamama, muulize njia zinazowafaa.

KAZI YA SIKU YA POSHO

Siku ya posho hii, baba na mama, zungukeni nyumba pamoja kama vile watu wa usalama wanavyozunguka atelie. Pigeni magoti, mutazame kwa urefu wa mutoto wa miaka miwili, sababu kule chini ndiko anakokaa. Chupa iko wapi? Kisu kiko wapi? Maji yamebaki mu beseni? Mbabula ina matofali yake? Bote za kazi ziko ndani ao inje? SRO iko mu kabati?

Kitu kimoja kikikosa, kitengenezeni siku ile ile, mbele ya jua kulala. Na saa ya magaribi ikifika, mupatane kwa jina: leo ni nani anayechunga watoto?