Dakika 38 na miaka 49

Simama Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, uipe bahari mgongo. Hapo mbele yako zimewekwa rekodi mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza ni ya vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akajitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa 3 na dakika 2 asubuhi, manowari zao zikaanza kumimina mizinga kutoka bandarini. Meli ya sultani, Glasgow, ikazama. Jumba la Beit al-Hukm likawa magofu. Wengi husema dakika 38, wengine hufika 45, kana kwamba hizo saba zingemwokoa mtu. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa konseli wa Ujerumani, usultani wake ukiwa haujatimiza siku tatu.

Ya pili imo katika bustani yenyewe. Ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi kufa kwake 1960. Miaka 49: tangu Zanzibar itengane na Oman, hakuna sultani aliyekaa kitini zaidi yake. Ikaitwa bustani ya Jubilii, lakini wenyeji walishikilia jina la forodha iliyokuwa hapo, na jina hilo ndilo lililobaki.

Jirani yake, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Bustani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa tena Julai 2009. Jioni vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake kwa sarakasi, na jua likizama karabai na taa za wauzaji huwaka. Tuzo ya jina lenye kudanganya kuliko yote naipa pizza ya Zanzibar: ni chapati nyembamba iliyokunjwa juu ya kima, yai na kitunguu, ikakaangwa kwenye chuma. Iteremshe kwa maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Bei uliza kabla hujaagiza.