Kovu la Uso Halifutwi, Hulelewa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini uso haufichiki. Mtu aweza kulifunika jeraha la mguu kwa kikoi na la kifua kwa kanzu, ila uso ni mlango wa nyumba: kila apitaye huuona kabla hajapiga hodi. Ndiyo maana alama ndogo kama punje ya mtama, ikikaa shavuni, humtia mwenyewe simanzi kuliko kovu la dhiraa nzima mgongoni.

Msomaji mpenzi, leo napenda tuzungumze juu ya makovu ya uso na namna ya kuyatibu. Katika miji mikubwa kama Nairobi wapo watu wa makamo, wake kwa waume, waendao kwa madaktari wapasuaji kuvutwa ngozi ya uso ili mikunjo ya umri iondoke. Mikunjo huondoka, lakini badala yake huja alama za kisu mbele na nyuma ya masikio, na wenyewe huanza kuuliza watazifanyaje. Swali hilohilo niliulizwa mahali ambapo sikulitazamia, nako ni Balambala.

Balambala iko ukingoni mwa Mto Tana, upande wa juu kutoka mji wa Garissa. Ni nchi ya ngamia na mbuzi, ya migunga na vumbi jekundu, na ya mashamba madogo yanyweshwayo maji ya mto. Huko sikumwona mtu wa kuvutwa uso. Makovu ya huko huletwa na jiko la mafiga matatu, na mwiba, na mnyama, na pengine chuma cha moto ambacho waganga wa kienyeji humchomea mgonjwa kuwa ni dawa.

Mama mmoja aliyetukaribisha chai ya maziwa ya ngamia alimwita binti yake, akamwambia avute mtandio kidogo. Binti alikuwa na kovu la moto kutoka nyuma ya sikio hadi shingoni, nene na lenye kung'aa. Alipoitwa na wenzake aligeuka mwili mzima, maana shingo ilikuwa haitaki kugeuka.

"Maalim," akaniambia yule mama, "nasikia Nairobi matajiri wanafutwa makovu. Dawa yenyewe ni ipi? Na je, ni halali?"

Maswali yalikuwa mawili, nami nitayajibu moja baada ya jingine.

La kwanza. Hakuna tajiri wala maskini afutwaye kovu. Katika kuvuta uso, daktari hukata ngozi kuanzia ndani ya nywele za panjani, akashuka mbele ya sikio, akazunguka chini ya ndewe, akapanda nyuma ya sikio hadi katika nywele za kisogoni. Kisha huiinua ngozi, huivuta, ile iliyozidi huikata, akashona. Kovu basi lipo, tena refu. Ufundi wake ni kulipitisha mahali ambapo jicho la mtazamaji halitui: katika kunjo la sikio na ndani ya nywele.

Zamani ngozi ya juu peke yake ndiyo iliyovutwa, na mishono ikabeba mzigo wote. Kila fundi wa kanzu ajua kwamba kitambaa kikikazwa mno, uzi hukata. Ndivyo ilivyokuwa: makovu yakapanuka, na ndewe zikavutwa chini hata watu wakajua huyu amepita kwa mpasuaji. Mwaka 1974 daktari Skoog wa Sweden alieleza namna ya kuiinua ngozi pamoja na utando ulio chini yake, na mwaka 1976 madaktari Mitz na Peyronie wa Ufaransa wakaupambanua utando huo barabara. Tangu hapo wapasuaji wengi huutwisha utando wa ndani mzigo wa kuvuta, na ngozi ya juu hulazwa tu bila kukazwa. Kovu likawa jembamba. Hilo ndilo somo la kwanza: ngozi inayovutwa huzaa kovu baya, na tiba ya kovu huanza siku ile ile jeraha linaposhonwa.

Somo la pili ni subira. Jeraha likifunga, mwili hufuma nyuzi kwa haraka, kama mtu azibaye paa huku mvua inanyesha. Kwa hiyo katika miezi ya kwanza kovu huwa gumu, limevimba, lawasha, nalo huwa jekundu au jeusi kuliko ngozi ya jirani. Baadaye mwili huzifumua nyuzi zile na kuzipanga upya. Kazi hiyo huchukua mwaka mmoja na pengine zaidi. Hata ikiisha, ngozi ya kovu hupata kama asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya asili. Kwa sababu hiyo daktari mwaminifu akiombwa kulikata kovu upya aghalabu husema: ngoja mwaka upite kwanza, huenda likalala lenyewe.

Katika muda huo wa kungoja, yapo mambo ya kufanya. Mwaka 1983 madaktari wa Australia waliandika kwamba kovu la moto likifunikwa kwa utando laini wa silikoni hulainika na kutulia. Leo utando huo, au malhamu yake, ndio wanaopewa kwanza wengi waliovutwa uso, nao huuvaa saa nyingi za mchana na usiku kwa muda wa miezi miwili, mitatu au zaidi. Tena jeraha likiisha kufunga kabisa, kovu hukandwa kwa kidole na mafuta laini mara kadhaa kwa siku. Tena hukingwa na jua, kwa kuwa jua hulitia weusi kovu changa, na weusi huo hukawia kuondoka, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi.

Utaona, msomaji, kwamba katika mambo hayo matatu ni moja tu linalohitaji fedha. Kidole, mafuta safi na kivuli cha mtandio vipo Balambala kama vilivyo Nairobi. Kilichopungua ni mtu wa kueleza.

Lakini yako makovu yasiyosikia kukandwa. Kuna kovu lililovimba ila likakaa ndani ya mipaka ya jeraha lake. Hilo aghalabu hupungua. Na kuna lile liitwalo kiloidi, ambalo hupita mpaka, likatambaa juu ya ngozi nzima iliyo jirani. Watu weusi hupatwa nalo zaidi, hasa kwenye ndewe, taya, mabega na kifua. Kiloidi likikatwa kwa kisu peke yake aghalabu hurudi, na mara nyingi hurudi kubwa kuliko la kwanza. Daktari hulichoma sindano ya dawa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki chache, na akilikata hufuatisha sindano hizo au miali. Kwa hiyo mtu ambaye yeye au jamaa zake wana historia ya kiloidi, na asimfiche daktari kabla hajakubali kukatwa uso kwa ajili ya mikunjo.

Na liko kovu la namna ya tatu, kama lile la binti wa Balambala: kovu linalojikunja na kuvuta kiungo. Likiwa kwenye kope, jicho halifumbi. Likiwa shingoni, kidevu hushuka kifuani. Hilo si jambo la urembo. Linataka mpasuaji wa kulikata na kupandikiza ngozi nyingine, na kila likicheleweshwa, nalo huzidi kukaza.

Yule mama alikuwa akimpaka mwanawe malhamu kutoka kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, akiambiwa kuwa hufuta makovu. Malhamu za namna hiyo ni za kuogopwa. Nyingine zina zebaki, ambayo hupenya ngozini na kuharibu figo. Mapatano ya kimataifa ya Minamata ya mwaka 2013 yalikataza vipodozi vyenye zebaki. Nyingine zina dawa kali ambazo zikitumiwa bila daktari huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilimwambia yule mama akitupe kile kikopo, ampeleke binti hospitali kuu ya Garissa, na akiambiwa aendelee hadi Nairobi asikatae, ingawa ni safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa.

Hapo hapana budi nikumbushe jambo ambalo wengi wamelisahau. Mwaka 1957 madaktari watatu walianzisha shirika la AMREF, ambalo lilijulikana kote kwa madaktari wake waendao kwa ndege mahali pasipo barabara. Watatu hao, Michael Wood wa Nairobi, Archibald McIndoe aliyekuwa Uingereza, na Tom Rees wa New York, wote walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maungo. Rees kwao Marekani alikuwa bingwa wa kuvuta nyuso za wenye nacho, na mwaka 1980 alitoa kitabu kikubwa juu ya upasuaji wa urembo. Mkono uliowaondolea matajiri mikunjo ndio uliokuja pia Afrika Mashariki kushona midomo iliyopasuka na kuzifungua shingo zilizofungwa na moto. Elimu ni ile ile. Hakuna elimu ya kovu la tajiri na nyingine ya kovu la mchungaji.

Sasa swali la pili, la halali. Mimi si mufti, nami hueleza niliyofundishwa chuoni nikiwa mtoto. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru afanye ya dhahabu. Wanavyuoni waliitegemea hadithi hiyo kusema kwamba kurekebisha kilichoharibika si kubadili maumbile ya Mungu. Mwaka 2007 Baraza la Fikihi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, liliruhusu upasuaji wa kuondoa madhara ya moto na ajali, wala halikuruhusu ule wa kuondoa mikunjo ya uzee pasipo ugonjwa. Basi yule binti hana la kuogopa. Aliyevuta uso, hayo ni yake na Mola wake; lakini hata yeye akiwa na kovu linalomuuma, kulitibu ni tiba.

Imebaki dawa moja ambayo hospitali haina. Katika Vita vya Pili vya Dunia, McIndoe aliwatibu marubani waliounguzwa nyuso katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Alijua kwamba wengine wangebaki na makovu hata afanyeje. Basi akawaomba wenyeji wawapokee vijana wale mikahawani na majumbani mwao kama wanavyompokea mtu yeyote. Wenyeji wakafanya hivyo, na mji ukapewa sifa ya kuwa mji usiokodoa macho.

Dawa hiyo haiuzwi, nasi sote tunayo. Mtoto akiungua, maji safi ya baridi yamiminwe juu ya jeraha kwa dakika 20, wala si majivu wala dawa ya meno. Jeraha likifunga, kovu likandwe, likingwe na jua, na likianza kuvuta kiungo mgonjwa apelekwe kwa mpasuaji mapema. Na akirudi na alama yake usoni, tumtazame machoni, tumwulize habari za nyumbani.